Watu saba nje ya orodha ya mishahara

Barua yenyewe ilikuwa fupi, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili, na nyuma yake imebanwa nakala ya kadi ya kliniki. Dada wa dizaini alikuwa anaomba likizo ya uzazi. Mzee mwenye kiwanda cha uchapaji akaisoma, akanisogezea mezani.

"Mjibu. Mwambie yeye si mwajiriwa wetu, yuko kwenye mkataba wa huduma. Iandike vizuri, kwa adabu."

Mimi ni mhasibu wao, nilikuwa nimekwenda kufunga hesabu za mwezi. Nikafungua kompyuta, nikaandika tarehe, nikaandika "Yah: Maombi ya likizo ya uzazi", nikakwama hapo. Kupitia kioo cha ofisi nilikuwa namwona. Kakaa kwenye kompyuta ya kampuni, kavaa fulana ya kampuni, anarekebisha kadi ya harusi huku mteja amesimama nyuma yake akitaka jina la bibi harusi liongezwe ukubwa. Kwenye kaunta kulikuwa na daftari la mahudhurio. Jina lake lilikuwa la tatu kwa siku ile: saa 1:52 asubuhi, na sahihi.

Sikuandika ile barua. Nilimwambia Mzee nahitaji kwanza kupitia mafaili, naye hakunibishia.

Tangu hapo jambo hili halijaniachia. Limekaa kichwani wiki baada ya wiki, kwenye daladala, kitandani, hata nikiwa kwenye hesabu za watu wengine ambao hawahusiki. Naliandika hapa kwa sababu najua viwanda, shule, zahanati na maduka ya vifaa yenye mafaili kama haya ni mengi sana, Dar es Salaam na kwingineko. Mambo yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyabadilisha, na namba nimezizungusha ili mahesabu yafuatike.

Mkataba wangu na wake

Mimi mwenyewe pale kiwandani niko kwa mkataba wa huduma.

Nina kompyuta yangu. Nina wateja wengine. Mwisho wa mwezi napeleka ankara, nakatwa kodi ya zuio asilimia 5, ile inayokatwa kwenye malipo kabla sijayapokea, na ritani yangu ya kodi najaza mwenyewe. Nikiamua kwenda Jumanne badala ya Jumatatu, napiga simu kuwaarifu. Siombi ruhusa. Nikiumwa, namtuma mwenzangu ninayemwamini afunge hesabu, na Mzee hana neno ilimradi kazi imefika.

Nilipoweka mkataba wangu kando ya wa yule dada, niliona umetoka kwenye kiolezo kimoja. Aya zilezile, hadi kosa la herufi kwenye kipengele cha nne. Yeye naye ameitwa "Mtoa Huduma". Yeye naye anakatwa asilimia 5. Ila yeye akichelewa anaulizwa, akitaka kwenda msibani anaomba, na akiumwa hawezi kumtuma mdogo wake akae kwenye kile kiti.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaeleweka bila wakili. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, mkataba uwe na sura yoyote ile, endapo kigezo hata kimoja kati ya saba kipo. Anaelekezwa namna ya kuifanya kazi? Saa zake zinapangwa na mwingine? Ni sehemu ya taasisi hiyo? Amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Kiuchumi anamtegemea huyo anayemfanyia kazi? Vifaa vya kazi anapewa? Anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu?

Kigezo kimoja kinatosha. Yule dada anavyo vyote saba.

Ile ya saa 45 niliisoma mara mbili. Saa 45 ndicho kikomo cha kawaida cha wiki moja ya mwajiriwa. Sheria inasema ukizifanya kwa mwezi, tayari mzigo wa kuthibitisha kwamba wewe si mwajiriwa unahamia kwa yule anayekulipa.

Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya madereva wa Uber kwa mwelekeo huohuo: tazama kazi inavyofanyika, usiishie kwenye karatasi ambayo upande wenye nguvu umeiandika peke yake. Niliisoma habari ile wakati ule kama jambo la mbali. Kumbe sisi maneno hayo tumekuwa nayo kwenye sheria tangu 2004, yamekaa.

Kwa nini tisa

Orodha ya mishahara ya kiwanda ilikuwa na watu tisa: wawili wa mapokezi na mauzo, waendesha mashine wanne, msimamizi, dereva na mlinzi. Nje ya orodha kulikuwa na "watoa huduma" saba: wawili wa dizaini, vijana watatu wa finishing (kukata na kumalizia kazi zilizochapwa), fundi wa mashine, na kijana wa bodaboda anayepeleka mizigo kwa wateja.

Mtu yeyote anayeshughulika na mishahara hapa nchini akiona tisa, anajua.

Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Zamani ilikuwa wanne. Mwaka 2021 kizingiti kikapandishwa, na nia ilikuwa njema, kuwapumzisha wadogo. Kiwango chenyewe kimekuwa kikishuka pia, na mwaka 2023 kilifika asilimia 3.5. Lakini ukivuka kizingiti, tozo haianzii kwa mtu wa kumi. Inahesabiwa kwenye malipo ya wote, kuanzia mtu wa kwanza. Kwa kiwango hicho cha 2023, kila milioni ya mishahara unailipia 35,000 ambazo mwezi uliopita hazikuwepo, na haikatwi kwa mfanyakazi, inatoka mfukoni mwa mwajiri.

Kwa hiyo mtu wa kumi ni ghali kuliko wa tisa. Mhasibu aliyekuwepo kabla yangu alilijua hilo, akamshauri Mzee abaki tisa, na kila aliyekuja baadaye akapewa kile kiolezo.

Nataka niseme wazi kwamba Mzee si mtu mbaya. Analipa tarehe 28 bila kukosa, na nimewahi kumwona akimpa mlinzi ada ya mtoto bila kuiandika popote. Lakini wema wake uko mikononi mwake. Akiamka vibaya, au akifa kesho na wanawe wakachukua kiwanda, yule dada hana anachoweza kukidai akiwa na karatasi mkononi.

"Yaani nikiajiriwa napoteza laki?"

Hapa ndipo jambo lilipoanza kunichanganya.

Nilimwita yule dada wakati wa chakula cha mchana, nikamweleza kwamba kwa ninavyoona mimi yeye ni mwajiriwa, na kwamba nitamshauri Mzee amhamishie kwenye orodha ya mishahara. Nilitegemea afurahi. Akaniuliza swali moja tu: mkononi itaingia ngapi?

Tukapiga hesabu pamoja nyuma ya karatasi ya jaribio ya kalenda.

Sasa hivi mkataba unasema 800,000. Inakatwa zuio asilimia 5, yaani 40,000. Anapokea 760,000.

Akiwa mwajiriwa kwa mshahara huohuo, kwanza inatoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 upande wake: 80,000. Inabaki 720,000 ya kutozwa kodi. PAYE yake, yaani kodi ya mshahara, ni 20,000 ya ngazi iliyotangulia, na asilimia 20 ya kile kilichozidi 520,000, ambayo ni 40,000. Jumla 60,000. Mkononi: 660,000.

"Kaka," akasema, "yaani nikiajiriwa napoteza laki?"

Nikaanza kueleza. Katika hiyo laki, 80,000 haipotei, inaingia kwenye akaunti yako, na mwajiri anaweka 80,000 nyingine juu yake. Kodi ya ziada hasa ni 20,000. Akanisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza.

"Uzee nitauona nikiufikia. Mimi nina mtoto mwezi wa tisa, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Niliyekuwa nadhani namtetea ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa, na sababu zake zilikuwa za kweli. Laki moja kwa mtu wa 760,000 ni kodi ya chumba. Ni rahisi sana kwangu kumwambia mtu mwingine ajiwekee akiba.

Nikajiuliza kama kazi yangu si kumwacha aamue mwenyewe. Mtu mzima, amesaini, anajua anachokitaka.

Kilichonitoa hapo ni kurudi kwenye maneno ya kifungu chenyewe. Hakiulizi kama mtu amekubali. Na nadhani waliokiandika walijua kwa nini: anayehitaji 760,000 mwezi huu atakubali karatasi yoyote itakayompa 760,000 mwezi huu. Uhuru wa kuchagua unaanza pale ambapo kuna kitu cha pili cha kuchagua, na yeye hajawahi kuwekewa mezani mkataba wa pili. Hesabu niliyompigia ilikuwa na kasoro moja: ilichukulia kwamba gharama yote ya kuwekwa sawa ataibeba yeye.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hatukulipigia hesabu siku ile. Likizo ya uzazi kwa mwajiriwa ni siku 84 zenye malipo, 100 kama ni mapacha. Kwa 660,000 kwa mwezi, siku 84 ni zaidi ya milioni 1.8 mkononi. Inamchukua mwaka mmoja na nusu wa kupokea ile laki ya ziada ili aifikie. Kwa mkataba wa huduma, siku hizo 84 ni sifuri, na hana uhakika kama kiti chake atakikuta.

Kitufe chenye selotepu

Vijana wa finishing ni hadithi nyingine, na kwao hesabu ilinishangaza.

Wao mkataba ni 500,000. Zuio asilimia 5 ni 25,000. Sasa, mwajiriwa wa 500,000 akishatoa NSSF anabaki na 450,000. PAYE yake ni asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000, yaani 14,400. Vijana hawa wamekuwa wakikatwa kodi kubwa kuliko ambayo wangekatwa kama waajiriwa. Na anayelipwa 270,000 au chini ya hapo, PAYE yake ni sifuri kabisa, lakini akiitwa mtoa huduma anakatwa tu.

Mtu anaweza kusema zuio ni malipo ya awali, mwisho wa mwaka unajaza ritani na kudai kilichozidi. Ni kweli kwa sheria. Lakini kijana anayeingia saa 1 asubuhi na kutoka usiku wakati wa msimu wa kalenda, hati za zuio hajawahi kupewa, hiyo ritani ataijaza lini na kwa kutumia nini?

Siku moja nilikwenda chumba cha kukatia karatasi kutafuta stakabadhi. Ile mashine ya kukatia ina vitufe viwili, kimoja kila upande, vya kubonyeza kwa wakati mmoja ili mikono yote miwili iwe mbali na kisu. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimezungushiwa selotepu, kimebonyea muda wote. Kijana alikuwa anasawazisha rundo la karatasi kwa mkono wa kushoto na kukata kwa kulia. Nikamuuliza. Akasema inaharakisha, na mkono wa pili unahitajika kushika.

Nilibaki nimeutazama mkono ule.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa kijana yule ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa 2,500 hiyo, kisu kikimpata anatibiwa, analipwa akiwa nje ya kazi, na akibaki na ulemavu kuna fidia inayohesabiwa kwa utaratibu unaojulikana. Bila hiyo kuna mchango wa wenzake, na nauli ya kwenda Muhimbili.

Selotepu nilimwambia msimamizi aitoe siku ileile. Ikatolewa. Sijui kama haijarudi.

Kilichomgeuza Mzee

Ningependa kusema ni hoja zangu. Haikuwa hivyo. Nilimsomea kifungu cha 61, nikamwonyesha hesabu, akanijibu kwamba viwanda vyote jirani vinafanya hivyo, na kwamba akipandisha gharama peke yake kazi zitahamia mtaa wa pili. Jibu hilo nalo lina ukweli wake. Anayelipa michango yote anashindana bei na asiyelipa hata mmoja.

Kisha ikaja tenda. Mteja mkubwa alitaka kuchapiwa vitabu vya mahesabu vya mwaka mzima, na kwenye masharti aliomba cheti cha WCF, uthibitisho wa michango ya NSSF, na orodha ya wafanyakazi watakaohusika na kazi, pamoja na haki ya kuja kukagua kiwanda. Mzee aliisoma orodha ile ofisini, akanyanyua macho kupitia kilekile kioo. Dizaini wapo wawili, na wote si wa kwake kwa karatasi. Finishing watatu, hakuna hata mmoja.

"Nikiandika tisa, wakija wakakuta kumi na wanne?"

Sikumjibu. Akakaa kimya, halafu akasema tuanze na hao watano.

Mstari mmoja kwenye mkataba

Nilidhani kazi ngumu imekwisha. Kuandikisha watu ni kazi ya kawaida: namba za NIDA, namba za NSSF, kuwaongeza kwenye ritani ya PAYE inayotakiwa kulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kuwaingiza WCF, kuanza SDL kwa wote kumi na wanne. Mzozo ulikuja kwenye mstari mmoja wa mkataba mpya: tarehe ya kuanza ajira.

Mzee alitaka iandikwe tarehe 1 ya mwezi uliokuwa unaanza. Ndivyo watu wengi wanavyofanya. Unampa mtu mkataba mpya, anashangilia, na kwa mstari huo mmoja unafuta miaka yake.

Yule dada ana miaka minne pale. Pensheni ya uzee inadai michango ya miezi 180. Miezi 48 aliyoifanya imepita bila mchango hata mmoja. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Ukianza kuhesabu leo, miaka minne imeyeyuka. Mtu aliyefanya kazi miaka minne na mtu aliyeanza juzi wanakuwa sawa mbele ya mwajiri.

Mzee alikuwa na hofu yake, na naiheshimu. Ukiandika kwamba ajira ilianza miaka minne iliyopita, umekiri kwa maandishi. Kodi ya miaka hiyo je? Na hapa hesabu inauma kweli. Kwa 800,000 bila NSSF, PAYE ya kila mwezi ingekuwa 78,000. Alikuwa akipeleka 40,000 kama zuio. Tofauti ni 38,000. Kwa miezi 48 ni 1,824,000, mtu mmoja, kabla ya riba ambayo inalimbikizwa mwezi hadi mwezi. Na sheria ya kodi ya mapato iko wazi kwamba aliyetakiwa kukata asikate, analipa hata hivyo. Zile 40,000 nazo hazijigeuzi zenyewe kuwa PAYE. Zimeingia zikiwa malipo ya awali ya kodi ya mtoa huduma, kwa jina la yule dada. Upande wa NSSF, asilimia 20 ya 800,000 ni 160,000 kwa mwezi. Kwa miezi 48 ni 7,680,000. Bado adhabu.

"Unaniambia niende mwenyewe nikawafungulie mlango?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi kuliko yote. Kuna wenzangu wa fani hii ambao wangemwambia asiguse yaliyopita, aanze upya, anyamaze. Naelewa wanakotoka. Lakini deni lililonyamaziwa linakua, na siku ya kuibuka linaibuka kwa njia mbaya: mtu ameachishwa kwa hasira, amekimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 za kufungua shauri, na pale anaulizwa ulianza kazi lini. Daftari la mahudhurio litajibu. Liko kabatini, la miaka yote.

Nilimshauri mambo mawili na nikasimama hapo. Tarehe ya kweli iandikwe kwenye mkataba. Na kwa yaliyopita, twende wenyewe na jedwali lililokamilika, tuombe kulipa kwa awamu, jambo ambalo sheria inaliruhusu kuombwa. Nilimwambia pia kwamba kama tarehe ya uongo ndiyo itakayoandikwa, aiandikishe kwa mtu mwingine, mimi sitaiandaa.

Alikaa nalo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mwishowe tarehe za kweli ziliandikwa kwa wote watano. Jedwali la madeni limekamilika. NSSF tumeshakwenda na mazungumzo ya awamu yanaendelea. TRA, mamlaka ya kodi, ndiyo inayofuata.

Nani abebe tofauti

Ilibaki laki moja ya yule dada.

Ili aendelee kupokea 760,000 akiwa mwajiriwa, mshahara wake ungepaswa kuwa kama 945,000. Mzee angekuwa analipa hiyo, pamoja na NSSF 94,500 na WCF 4,725: jumla zaidi ya 1,044,000 kabla ya SDL, kutoka 800,000. Ni ongezeko la asilimia 30, na kiwanda kile hakiwezi kulimeza kwa mwezi mmoja. Kumwachia yeye laki yote nako nilikuwa nimeshaona si haki.

Wakakutana kwenye 870,000. NSSF yake 87,000, PAYE 73,750, mkononi 709,250. Amepoteza kama 50,000 ya mkononi, lakini kila mwezi 174,000 inaingia kwa jina lake. Hakufurahi, na sitaki kuandika kwamba alifurahi. Alisema, "Sawa, ila mwakani tuzungumze tena," na Mzee akakubali mbele yangu.

Kwa vijana wa finishing ilikuwa rahisi zaidi. Kwa 550,000 wanapokea 477,000, shilingi elfu mbili zaidi ya walizokuwa wakipokea, na Mzee anatoa 607,750 kwa kila mmoja kabla ya SDL. Ndiyo sababu nasema mahali pa kuanzia ni kwa wanaolipwa kidogo. Kwao kuna mzozo mdogo zaidi, na wao ndio walio karibu na visu.

Barua ya likizo niliiandika baada ya hapo. Mistari sita: siku 84, tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi. Mzee akasaini.

Wawili waliobaki

Fundi wa mashine amebaki mtoa huduma, na ninaamini ni sahihi. Anakuja na sanduku lake la zana, ana viwanda vingine anavyovihudumia, anapanga bei kwa kila kazi, na mara mbili nimemsikia akimwambia Mzee hawezi kuja leo. Bila shaka kuna mwezi anazidisha saa 45 pale, mashine ikisumbua, na hapo kigezo kimoja kinamgusa. Lakini dhana ya kifungu cha 61 inaweza kupingwa kwa ushahidi, na ushahidi wake uko kwenye ankara anazowapelekea wengine. Tumemwomba nakala mbili tatu tuziweke kwenye faili.

Kijana wa bodaboda ndiye anayenisumbua hadi sasa. Pikipiki ni yake, mafuta anaweka mwenyewe, analipwa kwa safari. Hapo ni mfanyabiashara kamili. Lakini anavaa kizibao chenye jina la kiwanda, anakaa kwenye benchi la mlangoni tangu asubuhi akisubiri kutumwa, na sijawahi kumwona akikataa safari. Nilipomuuliza, akasema hataki kuajiriwa kwa sababu jioni na Jumapili anabeba abiria, na anaogopa akisaini atazuiwa. Nilimweleza kwamba mwajiriwa anaweza kuwa na kazi ya jioni, na kwamba ajali ya barabarani akiwa amebeba mzigo wa kiwanda ni jambo la WCF akiwa kwenye orodha. Akasema atafikiria.

Mzee anamwona kama fundi. Mimi namwona karibu zaidi na vijana wa finishing. Sitaki kumpanga kwa kukisia, wala kwa sababu tu tumeshavuka kumi na SDL tunalipa hata hivyo. Kwa hiyo tumekubaliana wote watatu aandike kwenye daftari safari zote za mwezi, za kiwanda na za abiria, na saa anazokaa kwenye lile benchi. Mwisho wa mwezi tutalipitia pamoja, na kama saa za kiwandani ndizo zinazombeba, mkataba wake utakuwa na tarehe ya siku alipoanza kukaa pale.